Oda Isiyopungua Mia Tatu

Hivi wewe unayesikiliza, umewahi kumtazama mumeo, au baba yako, au kaka yako, kwa nyuma, akiwa amesimama hana habari kama anatazamwa? Siku ukimtazama hivyo, achana na mvi na kisogo. Tazama mabega. Uso wa mtu unajua kudanganya, bega halijajifunza.

Mama Chaki aliyatazama mabega ya mumewe kila asubuhi, mwanamume alipoinama uani kunawa uso kwenye beseni la bati. La kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa vidole vinne. Alijua ni vinne kwa sababu alikuwa amevipima kwa mkono wake mwenyewe, siku mzee amelala kifudifudi akikandwa kwa maji ya moto. Walipooana mabega yale yalikuwa sawa kama mizani ya dukani. Baada ya miaka kumi lilishuka kidole kimoja. Miaka ishirini ikaleta vidole viwili na kitu. Sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na tisa wa magunia ya nafaka, gunia juu ya bega lilelile, maana mchukuzi akishachagua upande habadili, kama mtu asivyobadili mkono wa kulia chakula.

Na mke wa mtu huyo alifanya kazi gani? Hapo ndipo pachungu. Alikuwa mkataji mkuu katika kiwanda cha nguo za wanaume. Alisimama mbele ya meza ndefu ya mita kumi na mbili, glavu ya vyuma mkono wa kushoto, kisu cha umeme mkono wa kulia, kipande cha chaki nyuma ya sikio, vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Ndiyo maana jina lake la nyumbani lilikwishasahaulika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekata mashati, suruali na makoti ya mwanamume mmoja ambaye hayupo duniani, mwanamume wa karatasi, mwenye mabega yaliyolingana, anayening'inia kwenye ndoano ukutani kwa saizi zake zote. Huyo alivaa vizuri siku zote. Jioni mwanamke alirudi nyumbani, akamkuta mwanamume wa nyama na mifupa, shati limemwegemea upande kama pazia lililokatika kamba.

Aliliona hilo miaka yote hiyo, akalimeza. Alikuwa mmezaji hodari. Wanawake wa mezani walimtania, "Mama Chaki, tumbo lako lina ghorofa ngapi?" Naye alicheka, akaendelea kukata.

Kilichokwama kooni ni koti.

Ilitoka sheria mpya katika maghala yote: kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, mtu yeyote anayeingia uwanja wa kupakia mizigo awe amevaa koti la kazi la marudufu, kitambaa kile kizito kisichochanika kwa msumari, lenye utepe unaong'aa mgongoni na muhuri wa kiwanda ndani ya kola. Asiye na koti, lango analitazama kwa nje. Wachukuzi wakanunua makoti yaliyokuwa tayari madukani, yaliyokatwa na nani? Na Mama Chaki, kwa kisu chake, kwa vipimo vya mwanamume wa karatasi.

Mzee alilijaribu lake siku mbili. Kola ilipanda shingoni upande wa kushoto ikamkaba. Upande wa kulia mshono wa bega ulikaa juu ya mfupa, palepale gunia linapotua, na kwa kuwa marudufu hayana huruma, jioni ya siku ya pili alipolivua, ngozi ilibaki kwenye mshono. Mama Chaki alilitandaza koti lile mapajani, akaona damu imekauka kwenye uzi ambao yeye ndiye aliyeuamulia njia.

"Nitaweka kitambaa chini yake," mumewe alisema.

"Kitambaa gani?"

"Chochote. Hata soksi."

"Soksi begani! Wewe baba watoto, miguuni utavaa nini, kofia?"

Mzee akacheka bila sauti, mabega yakapanda na kushuka, moja juu, moja chini. Wenzake walimwita Mzee Pole. Hakuna aliyewahi kumsikia akitaka kitu. Mwanamke hakucheka. Alijua soksi itateleza, na siku itakapoteleza gunia litakuja nayo, na ghalani ngazi ya mbao ina madaraja kumi na manane. Alikwenda kwa fundi cherehani wa mtaani; marudufu yakamvunjia sindano tatu, na koti lililotoka, mbali ya kupinda, halikuwa na muhuri. Kwenye ukaguzi wa mapema langoni lilirudishwa hata kabla mvaaji hajafunga vifungo.

Palibaki mlango mmoja, na ajabu ni kwamba mlango wenyewe alikuwa amemlea.

Msimamizi wa oda pale kiwandani alikuwa mtoto wa mdogo wake marehemu. Alimchukua akiwa na miaka sita, akamlisha, akamsomesha, akamleta kiwandani na kumwonyesha jinsi ya kushika chaki bila kuivunja. Kijana alikuwa na akili nyepesi kama wembe. Alipanda kutoka mezani hadi ofisi ya vioo, akaanza kuvaa tai hata siku za joto, na wafanyakazi wakampa jina, Bwana Tai. Mbele ya watu alimwita Mama Chaki "fundi." Wakiwa wawili alimwita Mama Mkubwa. Na yeye alikuwa amelimeza hilo pia.

Kutoka ukumbi wa kukatia hadi ofisi ya vioo ni hatua sitini. Hatua zote sitini Mama Chaki alirudia neno moja mdomoni. Koti moja. Naomba unikatie nafasi ya koti moja. Lakini alipofika mlangoni akaona ukutani makaratasi ya oda, elfu mbili za hoteli, elfu tano za shule ya wavulana, neno lake likasinyaa. Moja, mbele ya elfu tano? Ulimi ukatafuta pa kujificha, ukalipata lile kundi zima la wachukuzi wa ghala la nafaka.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Nataka makoti ishirini na mawili."

"Ya nani?"

"Ya wachukuzi wa ghala la nafaka. Koti lilelile la kazi, ila bega la kulia lishuke vidole vinne, na mshono urudi nyuma ya mfupa."

Bwana Tai aliweka kalamu chini taratibu, kama daktari anayejiandaa kutoa habari. "Mama Mkubwa, unajua utaratibu. Oda ya mkato maalumu haipungui mia tatu. Rangi moja, mkato mmoja, mia tatu."

"Kwani mia tatu imeshuka kutoka mbinguni?"

"Imeshuka kwenye hesabu."

"Na hesabu alizipiga nani?"

"Mimi."

Akaanza kumweleza, kama vile hajui: karatasi ya mkato ichorwe upya, meza itandazwe, kisu kipangwe, mstari mzima wa mashine za kushonea ubadilishiwe sindano na nyuzi. Kazi hiyo ni nusu siku, ukikata koti moja ni nusu siku, ukikata mia tatu ni nusu siku ileile. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa ya kweli. Uongo ungemfaa zaidi Mama Chaki. Uongo unaweza kuutemea mate ukaenda zako.

"Baba anaumia," alisema kwa sauti ndogo.

Kijana alitabasamu ili kumwondolea uzito. "Si mwambie Baba abebe kushoto miaka michache? Yatalingana yenyewe."

Alikuwa anatania. Mama Chaki alijua anatania. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kijana huyu alisomeshwa kwa mzigo uleule, kalamu kwa kalamu, gunia kwa gunia. Alihisi kitu kimepanda kutoka tumboni mwenye ghorofa zake, kikafika nyuma ya meno. Akayafunga meno.

"Mia tatu," alisema. "Haya."

Waliosema hasira hasara huenda hawakuwahi kuipa hasira kazi ya kufanya. Hasira ya Mama Chaki ilivaa viatu. Kila alipotoka zamu, saa tisa na nusu alasiri, badala ya kwenda nyumbani alichukua futi yake na daftari la mistari, akatafuta mabega. Alianza na ghala la nafaka. Huko alipokewa na rafiki wa mumewe, jitu la kifua kama pipa, waliloliita Kifaru.

"Shemeji, unatupima majeneza?"

"Nakupima koti. Geuka."

"Nikigeuka usishtuke. Mgongo huu ukiuona wengine wanasahau waume zao."

"Mgongo huu una vidole vitatu na nusu. Simama sawa."

"Ndiyo nimesimama sawa!"

Wenzake wakaangua kicheko, na kicheko kikakatika kipandekipande, maana kila mmoja alimtazama mwenziwe na kweli, hakuna aliyesimama sawa. Walikuwa hawajawahi kujipanga kwa mstari. Ishirini na wawili, na mstari wa mabega yao ulikuwa kama kilima kinachoteremka upande mmoja.

Kifaru akaingia kazini naye. Yeye aliita watu kwa kelele, mwanamke akapima. Walikwenda stesheni kwa wabeba mizigo ya abiria, wakaenda kwenye bohari za saruji, ambako vumbi liliwafanya wanaume wote waonekane wazee wa rika moja, wakaenda kwenye viwanja vya mbao. Malipo yalikuwa juu ya vyama vyao, hilo halikuwa na ugumu. Ugumu ulikuwa kuona. Kila alipoweka vidole kwenye bega la mtu na kukuta lile shimo, ule mfupa uliojitokeza kama jiwe kwenye njia ya maji, Mama Chaki alizidi kuwaka. Mtu wa saruji alikuwa na miaka thelathini na minne tu na vidole vitano. Mtu wa mbao alikuwa na kovu linalong'aa kama ngozi ya ngoma. "Koti la dukani," alieleza, kana kwamba anazungumzia mvua. Na ndani ya kola ya koti lile kulikuwa na muhuri anaoujua.

Mwanzoni aliandika majina kama mtu anayejaza ndoo ili ateke kikombe chake kimoja. Mia tatu zilikuwa ngazi ya kulifikia koti la mumewe, basi. Hakujifichia jambo hilo moyoni. Lakini ngazi nayo ina mbao, na kila ubao alioukanyaga ulikuwa na bega.

Kilichomuuma kuliko vyote ni watu wa kushoto. Walikuwepo, wachache, kumi na tisa kwa hesabu yake. Hao mkato haukuwafaa, na mkato ulipaswa kuwa mmoja. Kwenye bohari ya saruji mzee mmoja alisimama mbele yake, tayari amevua shati.

"Baba, wewe unabebea kushoto."

"Tangu utoto."

"Hili ni la kulia. Kama nikikuandika, litakuumiza mara mbili."

Mzee alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote, pamoja na kile cha shingoni. "Basi mwanangu, kumbe hata ulemavu una wingi wake," alisema, akarudi kubeba.

Mama Chaki hakulala vizuri kwa neno lile.

Wiki ya tatu majina yakatimia. Aliingia ofisi ya vioo bila kubisha, akaweka daftari juu ya meza. Mia tatu kamili. Bwana Tai alifunua kurasa, akalamba kidole, akafunua tena. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtazama mama yake huyu mkubwa kama alivyomtazama zamani, mtoto anayengoja kuambiwa afanye nini.

"Umewatoa wapi?"

"Walikuwepo."

Oda ikapita. Mama Chaki aliichora karatasi ya mkato mwenyewe, siku nzima amepiga magoti juu ya meza. Alishusha bega, akazamisha kwapa, akarudisha mshono nyuma ya mfupa kwa vidole viwili.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kitambaa cha kukata nguo nyingi hutandazwa tabaka juu ya tabaka. Kuna njia mbili. Njia ya haraka ni kwenda na kurudi: watu wawili wanashika ncha, wanavuta hadi mwisho wa meza, wanakunja, wanarudi nacho hapohapo. Ukitandaza hivyo, tabaka moja linatazama juu, la pili linatazama chini, uso kwa uso. Kwa mwanamume wa karatasi hakuna neno, kulia kwake ni kushoto kwake. Lakini kwa nguo yenye upande mmoja uliotofautiana, kila tabaka la pili hutoka limegeuka kama sura katika kioo. Hiyo nyingine ni njia ya polepole: unavuta hadi mwisho, unakata, unarudi mikono mitupu, unaanza upya, nyuso zote juu. Inakula muda mara mbili. Mama Chaki aliandika pembeni mwa karatasi kwa herufi kubwa, NYUSO ZOTE JUU, akachora na mshale, akawaambia watandazaji kwa mdomo, mmoja mmoja.

Zilibaki siku nne kufika tarehe mosi. Asubuhi ya kukata, Bwana Tai alikuja na saa yake mkononi.

"Fundi, nenda jengo la pili ukakague vitambaa vya hoteli. Wateja wanakuja saa nne."

"Nina meza yangu leo."

"Meza itatandazwa na watandazaji. Wewe utakuja kukata."

Alimwona akiitazama saa. Alimwona, na baadaye hilo ndilo lililomchoma, akiipima meza kwa macho na kuzihesabu dakika. Angeweza kusema hapana. Lakini watu walikuwa wanatazama, na kijana alikuwa bosi, na mazoea yana utumwa wake. Akavua glavu, akaenda.

Jengo la pili lilimchukua saa tatu. Aliporudi, alisikia kisu cha umeme kikinguruma kabla hajafungua mlango. Msaidizi wake, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka kumi, alikuwa anamalizia kipande cha mwisho.

"Nani kakwambia ukate?"

"Bwana Tai. Alisema wewe umechelewa."

Mama Chaki alisogea kwenye rundo la vipande vya mgongo. Akaweka kiganja juu yake kama mtu anayemgusa mtoto paji la uso kusikia homa. Akanyanyua tabaka la juu: uso wa marudufu ulitazama juu. Akanyanyua la pili: uso ulitazama chini. La tatu juu. La nne chini. Hakuendelea.

"Walikwenda na kurudi," alisema.

Msaidizi alianza kulia. "Alisimama hapa hapa. Aliwaambia kurudi mikono mitupu ni anasa."

Nguo mia na hamsini zilikuwa za kulia. Mia na hamsini zilikuwa za kushoto, na vifungo vyake vingekaa upande wa nguo za kike. Kitambaa kikishakatwa hakina toba. Mashine za mstari wa karibu zikazima moja baada ya nyingine, na wanawake wakageuza viti.

Bwana Tai alifika akitembea haraka, karatasi mkononi. Alitazama vipande, akaelewa mara moja. Akili yake haikuwahi kuwa nzito. Akaitazama ile karatasi yenye mshale. Halafu akashusha sauti.

"Mama Mkubwa, tusipige kelele. Si kuna na wachukuzi wa kushoto?"

"Kumi na tisa."

"Tu?"

"Nimewahesabu mimi. Nimewakataa mimi, kwa sababu yako."

"Basi hizo nyingine zishonwe ndani nje. Zikigeuzwa zitakuwa za kulia. Upande wa ndani umefifia kidogo tu, nani atatazama mgongo wa mchukuzi?"

Mama Chaki alimtazama. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na yeye alimchelea huyu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ni yatima, kwa kuwa alilia usiku, kwa kuwa mama yake alikuwa amekufa akimtaja. Kila alipovunja kikombe, waliambiwa kimevunjwa na paka. Paka wa nyumba ile alichapwa miaka kumi.

"Upande wa ndani hauna kinga ya maji," alisema. "Na langoni watautazama."

Bwana Tai alimkaribia zaidi. Akatandaza pembeni mwa meza karatasi aliyokuja nayo. Ilikuwa karatasi ya mezani, ile ambayo mkataji mkuu husaini kila kazi. Akaijaza palepale kwa mwandiko wake mzuri, mwandiko aliofundishwa juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwa Mama Chaki: kitambaa kimetandazwa kwa maelekezo ya fundi mkataji. Chini yake mstari mtupu unangoja jina.

"Saini hapa," alisema. "Wewe huwezi kufukuzwa, umebakiza miaka miwili, watakupa onyo, basi. Mimi nitaondoka. Na sikiliza. La Baba limo katika zile nzuri. Nitalishonesha leo, sasa hivi, la kwanza. Jioni unaondoka nalo mkononi. Si ndilo ulilolitaka tangu mwanzo? Nilijua siku ileile, Mama Mkubwa. Ulisema ishirini na mawili, lakini macho yako yalisema moja."

Kalamu aliiweka juu ya karatasi. Iliviringika kidogo, ikasimama.

Kweli ilikuwa hiyo, naye aliitambua kwa aibu iliyomwasha masikio. Lilikuwa moja. Hatua sitini alikuwa amelirudia. Na sasa lilikuwa mbele yake, limekatwa, vipande saba vya marudufu ambavyo vingefika begani kwa mumewe kabla jua halijatua, na mshono umekaa nyuma ya mfupa. Angempelekea. Mzee angelivaa uani, angegeuka, na mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na tisa mgongo wake ungeonekana mgongo. Na tarehe mosi angepita langoni, nyuma yake Kifaru amebaki nje, na yule wa vidole vitano, na yule wa kovu kama ngozi ya ngoma, ambao wote walimgeuzia migongo kwa sababu alisema, geuka. Watu hao hawakuwa ngazi tena. Hakujua ilikuwa siku gani walipoacha kuwa ngazi.

"Mama Mkubwa," kijana alisema, na sauti yake ikawa ya miaka sita, "niokoe."

Mkono wa Mama Chaki ulikwenda kwenye kalamu. Wanawake wote waliuona ukienda. Aliishika, akaitazama, kisha akaichomeka kwenye mfuko wa shati la kijana, taratibu, kama mzazi anavyomchomekea mtoto leso siku ya kwanza ya shule.

"Ulikwenda na kurudi," alisema, sasa kwa sauti ya ukumbi mzima, "kwa sababu umezoea kwamba kulia kwa watu na kushoto kwao ni kitu kimoja. Niliandika. Nikachora na mshale, kwa ajili ya asiyejua kusoma. Wewe unajua kusoma. Nilikufundisha mimi!"

"Fundi, tafadhali, watu..."

"Watu wapo. Ndiyo, wapo! Miaka yote mimi naumeza moto nakutolea moshi wa kupikia. Ulipolitania bega la mtu aliyekulea, nilimeza. Ulipoamua mtu asiyefika mia tatu si mtu, nilimeza, nikaenda kumtafutia wenzake mmoja mmoja. Nilipokuona leo unatazama saa, nilimeza nikaenda zangu, na hilo ni kosa langu, nitalisema kwa yeyote atakayeniuliza. Lakini hilo la kuandika kwamba mimi ndiye niliyewageuza mabega watu mia na hamsini? Hilo halipiti. Koo limejaa."

Bwana Tai alikuwa amelegeza tai yake bila kujua, na jasho lilikuwa limetengeneza ramani kwenye kola yake ya mwanamume wa karatasi. Alitazama vipande vilivyokatwa, akatazama saa ya ukutani, akamtazama Mama Chaki. Alikuwa hajawahi kumuuliza swali lililomtoka sasa. Labda hakuna aliyewahi kumuuliza, tangu alipozaliwa.

"Sasa unataka nini?" alisema. "Niambie tu. Unataka nini?"

Mama Chaki alizunguka meza hadi mwisho wa chumba, mahali gombo jipya la marudufu lilipokuwa limeegemezwa. Akalilaza. Akalifungua kwa goti, akaitoa ncha, akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili.

"Nataka kitambaa kipya cha makoti mia na hamsini," alisema. "Nataka siku nne hizi zote, mchana kutwa, meza hii isiguswe na mtu mwingine. Nataka karatasi ile uiandike upya, uweke jina lako. Na nataka uvue tai hiyo, uje ushike ncha ya pili."